Mtungi wa gesi si bwela: jibu kwa fundi wa Kasese anayetaka kuunda gari moshi dogo

Swali: "Mzee, habari za Jinja. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kasese, nina miaka 26. Babu yangu alikuwa fayamani, mchochea moto, wa gari moshi la mvuke. Siku hizi macho yake yamefifia, lakini lori likipanda mlima kwa shida husema, 'Sikia, hiyo ni Garratt,' yaani lile gari moshi la injini mbili. Nataka nimuundie gari moshi dogo linalokwenda kwa mvuke wa kweli, Garratt ile kubwa ya daraja la 59 yenye jina la mlima. Nina mtungi mtupu wa gesi wa kilo 6, naona utafaa kuwa bwela, chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, maana umeundwa kushika presha. Nianzie wapi? Na babu anauliza gari litapakwa rangi gani."

Jibu:

Mwanangu, msalimie babu kwanza. Kisha uchukue huo mtungi uurudishe kwa wauza gesi, leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Sitanii. Huo unaouita mtupu una mabaki ya gesi ndani. Ukianza kuukata kwa grainda unaikaribisha hewa iingie, halafu cheche unaileta wewe mwenyewe. Mchomeleaji kama wewe analijua hilo. Umelisahau kwa sababu ya hamu tu. Nakuelewa. Hamu ya gari moshi iliwahi kunifanya niuze baiskeli, nikawa natembea kwenda kazini mwaka mzima.

Ila hoja yako kwamba mtungi umeundwa kushika presha inastahili kujibiwa, kwa kuwa nimeisikia hata kwa watu wenye vyeti. Ni kweli, mtungi hushika presha kubwa kuliko utakayoihitaji. Lakini umeundwa kushika gesi iliyopoa, ndani hamna maji, chini hamna moto, na tundu lake ni moja juu ya shingo. Wewe unataka kuuwashia moto, kuujaza maji, kuutoboa matundu sita na kuuchomelea vitako vya kufungia valvu. Bati lake ni jembamba, na maji ya moto yakikutana na hewa hulila kwa kutu upande wa ndani, pale ambapo jicho lako halifiki. Kwa nje utakuwa umeupaka rangi unang'aa.

Nimekaa na mabwela ya kiwanda cha sukari miaka 31, na kitu kimoja ambacho vijana wengi waliokuja kujifunza hawakukielewa mapema ni kwamba hatari ya bwela haiko kwenye mvuke. Iko kwenye maji. Piga hesabu nami. Umetia maji lita 7 kwenye mtungi wako, umechochea moto mpaka presha imefika baa 5 na nusu. (Baa moja ni kama kilo moja imekalia kila sentimita mraba ya bati.) Maji ya sufuriani huchemka kwa nyuzi 100, na huko kwenu kwenye mwinuko chini kidogo ya hapo. Haya uliyoyafungia yamefika nyuzi 162 na bado ni maji, kwa kuwa presha imeyakandamiza. Sasa mshono wako unafunguka. Presha inaondoka, na joto lile la ziada halina pa kukaa. Kama asilimia 12 ya maji yanageuka mvuke papo hapo, karibu lita 1,400. Hizo ni jerikeni 70 za lita 20 zinazotafuta nafasi ndani ya karakana yako kwa muda wa kupiga chafya. Na maji yaliyobaki yanarushwa yakiwa ya moto wa kuchemka.

Sisemi chuma hakifai kabisa. Yapo magari moshi madogo yenye bwela za chuma, hasa yale makubwa makubwa yanayovuta watu bustanini. Lakini hizo hufuata mchoro uliokubaliwa, bati linajulikana limetoka wapi, unene umeongezwa makusudi ili kutu ipate cha kula, na mishono imepigwa na mchomeleaji aliyepimwa kwa kazi hiyo. Mtungi wa jikoni hauna hata kimoja katika hayo.

Kwa ukubwa unaouhitaji wewe, bwela ni ya shaba nyekundu. Na wewe uko Kasese! Unajua reli ilifika kwenu 1956 kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Ilichimbwa hapo mlimani, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikaletwa huku kwetu Jinja kuyeyushwa. Huenda babu yako alivuta tani nyingi za shaba kuliko zitakazopita mikononi mwa mafundi wote wa magari moshi madogo duniani. Ukimwambia bwela ya mjukuu wake itakuwa ya shaba, atacheka.

Sasa hilo la 59. Nalipenda kama wewe. Yaliundwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester kati ya 1955 na 1956, kila moja tani 252 hivi, urefu karibu mita 32. Kwa reli ya mita moja, hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuyazidi uzito wala nguvu. Mawili unaweza kuyaona Nairobi, kwenye makumbusho ya reli: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Lakini uzito wao uliyabana. Kila ekseli yenye kuendesha ilikalia reli kwa tani 21, na maisha yao yalikuwa hasa kati ya Mombasa na Nairobi, kwenye reli nzito. Reli nyepesi za upande wetu zilitaka injini nyepesi: Garratt za daraja la 60, za tani kama 11 kwa ekseli, zilizopewa majina ya magavana, na zile za daraja la 31, zisizo Garratt, zilizopewa majina ya makabila. Kwa hiyo babu akisema "Garratt", mwulize nambari. Ikianza na 60, umeshajua alikuwa kwenye ipi. Fayamani husahau majina ya wajukuu lakini nambari ya injini haisahau. Na mwulize pia habari za mafuta, maana wakati huo wengi wao hawakuwa tena watu wa koleo. Walichoma mafuta mazito, na ufundi wao ulikuwa kwenye kukirekebisha kilango cha mafuta huku jicho likiwa kwenye moshi wa dohani.

Ipi pia uchague, usianze nayo. Garratt ni injini mbili zilizobebeshwa bwela moja. Kila kitu utakachokosea utakikosea mara mbili. Tazama na vipimo. Mengi ya magari moshi madogo ya bustanini, yale yasiyovuta watu, hutumia reli ya upana wa milimita 45. Reli yetu ya mita moja ukiigawanya kwa 22.5 unapata milimita 44 na nusu hivi, kwa hiyo kipimo hicho ni kama kimeshonewa Afrika Mashariki. Kwa kipimo hicho, 59 lina urefu wa mita 1.4 na kilo 22. Ukipanda ukubwa mpaka reli ya milimita 127, ambayo ni kama mita moja kugawanya kwa 8, urefu ni karibu mita 4 na uzito nusu tani, kwa sababu uzito haugawanywi kwa 8 mara moja bali mara tatu, urefu, upana na kimo. Nusu tani utaibebaje kwenda kumwonyesha babu?

Anza na gari dogo la magurudumu manne, reli ya milimita 45, maji yakibebwa juu ya injini yenyewe, bila behewa la nyuma. Na hata kabla ya hilo gari, anza na silinda moja.

Hapa nataka tukae kidogo. Watu wengi walioniletea magari moshi ambayo hayakuisha, yakiwa kwenye boksi la viatu, walianza na sura: dohani, kibanda cha dereva, kengele. Walipofika kwenye injini wakachoka. Wewe anza na silinda inayoyumba. Ni kipande cha shaba kilichotobolewa, pistoni ndani yake, na silinda nzima inayumba kwenye msumari mmoja huku pistoni ikizungusha gurudumu. Ikiyumba kushoto tundu lake linakutana na tundu la kuingizia mvuke. Ikiyumba kulia linakutana na la kutolea. Hakuna valvu, hakuna vyuma vya kuiendesha. Bamba lisiloyumba, lenye matundu hayo mawili, na uso wa silinda vikikutana sawasawa, inafanya kazi, visipokutana, inavuja. Sugua nyuso hizo mbili kwa msasa laini uliobandikwa juu ya kioo cha dirisha, ukichora duara dogo dogo kwa mkono, mpaka uso wote uwe na rangi moja ya kijivu bila doa linalong'aa. Doa linalong'aa ni bonde ambalo msasa haujalifikia.

Halafu uipeleke kwa fundi wa pancha.

Ndiyo, yule mwenye kompresa pale stendi. Mwombe hewa ya baa 1, isizidi 2, kupitia kamrija kadogo ka mpira. Tia tone la mafuta, sukuma gurudumu kwa kidole. Ya kwangu ya kwanza ilikataa mara kumi na moja, kisha ikashika, ikazunguka kwa sauti kama ya cherehani, na waendesha boda wote waliokuwa wanasubiri abiria wakaja kusimama. Mmoja akaniuliza inasaga nini. Siku hiyo sikuwa na bwela, sikuwa na moto wala reli, lakini nilikuwa na injini. Hewa haiunguzi mtu, na injini inayokwenda vizuri kwa hewa itakwenda kwa mvuke. Isiyokwenda kwa hewa, usidanganyike kwamba mvuke utaibembeleza.

Magurudumu utahitaji fundi wa kukereza. Hapo Kasese sikosi kuamini yupo mwenye mashine, na kama hayupo, Kampala wamejaa. Usiende kwake na maneno ya "nifanyie kama hivi". Nenda na mchoro wenye milimita, na umwambie jambo moja ambalo wengi hulipuuza: akereze magurudumu yote manne kwanza karibu na kipimo, ndipo ayapitishe yote mkato wa mwisho bila kuigusa skrubu ya kipimo. Gurudumu moja likizidi mwenzake kwa unene wa karatasi, gari litajaribu kupinda kila siku ya maisha yake.

Kuna na hili la vigingi vya magurudumu, vile vinavyosukumwa na pistoni. Kigingi cha kushoto na cha kulia visitazame upande mmoja. Viachane kwa robo duara, nyuzi 90. Gari moshi lina silinda mbili, na silinda moja ikifika mwisho wa safari yake, pale isipoweza kusukuma, nyingine inakuwa katikati, penye nguvu zote. Ndiyo maana gari moshi la kweli linaweza kuondoka popote lilipolala bila kusukumwa. Na ndiyo maana babu yako alisikia pumzi nne kwa kila mzunguko wa gurudumu: silinda mbili, kila moja inapumua kila mwisho wa safari yake. Kwenye Garratt pumzi zilikuwa nane, za injini mbili zisizofungwa pamoja, kwa hiyo mara zinapiga kwa pamoja, mara zinaachana, zinarudiana tena. Masikio yake yanatafuta hilo kwenye lori lako la mlimani. Lako dogo litampa nne, mradi silinda zake zisukumwe na mvuke pande zote mbili, si upande mmoja kama ile ya majaribio. Nitarudi kwenye sauti.

Sasa bwela. Nenda kwa wauza mabomba ya maji, uulize bomba la shaba la milimita 54. Lina unene wa milimita 1.2, na urefu wa sentimita 15 unakutosha. Pande mbili uzizibe kwa vifuniko vya shaba vya milimita 3, kila kimoja kimepigwa nyundo juu ya kipande cha chuma cha mviringo mpaka kingo zake zipinde kama sahani. Shaba itakuwa ngumu ukiipiga. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, itumbukize majini, italainika tena, endelea. Kwa presha ya baa 3, ambayo inakutosha, kila kifuniko kitakuwa kinabeba kama kilo 64. Ni kama mtu mzima amekikalia muda wote. Kwa hiyo pitisha fito moja katikati, kutoka kifuniko hadi kifuniko, ivishike.

Kama utanunua shaba kuukuu, uliza imetoka wapi. Nyaya za umeme zilizokatwa usiku zinauzwa hapa hapa nchini, na sitaki babu yako asikie kwamba kijiji fulani kiko gizani kwa sababu ya bwela yake.

Kiungio ni lehemu ya fedha, na hapa usibane pesa. Lehemu ya bati, ile ya redio, huyeyuka kabla hata ya nyuzi 240. Taa ikiwaka na maji yakipungua, mshono unafunguka. Tafuta lehemu yenye fedha asilimia 55, ambayo huyeyuka kati ya nyuzi 630 na 660, na hakikisha haina kadimiamu, maana moshi wake ni sumu. Tumia na poda yake yenyewe. Boraksi ya masonara haifai hapa, yenyewe inaanza kuyeyuka kama nyuzi 740, na wakati huo lehemu yako imeshakimbia. Wewe umezoea kuchomelea, kwa hiyo kosa lako litakuwa hili: utataka kupasha mshono tu. Shaba hailingani na chuma. Joto unalolitia mahali pamoja inalikimbiza mwili mzima. Jenga kijumba cha matofali makavu, zungushia mkaa ulioshika, pasha bwela yote kwa mwali mkubwa wa gesi, na usubiri. Ukigusisha waya wa lehemu na ukabaki umesimama kama kijiti, bado. Ukigusisha tena na ghafla ukauona unazama na mstari wa fedha unakimbia kuzunguka kifuniko chote kama maji yanayofuata ufa kwenye saruji, hapo ndipo. Toa moto. Ikipoa, iloweke kwenye maji ya chumvi ya ndimu, ile inayouzwa kwa watengeneza juisi, itoke safi ya rangi ya waridi.

Vitako vya kufungia valvu na geji viwe vya shaba nyeusi, ile yenye bati ndani yake, visiwe vya shaba ya njano yenye zinki. Hili nilijifunza kwa aibu. Bwela yangu ya pili nilitia vitako ambavyo muuzaji mmoja aliniapia kwamba ni shaba nyeusi. Miaka miwili baadaye, nikiwa nakaza nati ya kioo cha kuonyesha kimo cha maji kwa spana ndogo, kitako kizima kikakatika mkononi kama biskuti. Pale kilipovunjika hapakuwa na njano tena. Palikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, na vitundu vitundu kama jiwe la kusugulia miguu. Maji ya moto yalikuwa yameinyonya zinki yote na kuacha sponji ya shaba. Kwa bahati bwela ilikuwa baridi. Tangu siku hiyo kila kipande nakipiga tupa kwanza, nakiweka mwangani pembeni ya kipande ninachokijua: kikiwa cha njano ya limau nakirudisha, kikiwa cha kahawia inayoelekea wekundu nakichukua.

Valvu ya usalama na geji ya presha nunua. Hivyo viwili usiunde mwenyewe mara ya kwanza, hata kama mkono wako ni mwepesi.

Kisha ipime kwa maji baridi, kabla haijaonja moto. Jaza maji mpaka hewa yote itoke, hata povu moja lisibaki, funga, na kwa pampu ndogo ya mkono ipandishe mpaka baa 6, mara mbili ya presha utakayotumia. Iache robo saa. Maji baridi hayabanwi, kwa hiyo mshono mbovu utatoa chozi na sindano ya geji itashuka, basi, hakuna kitakachoruka. Hapo unafurahi kwamba umeuona. Kama kifuniko kimevimba hata kidogo, usijipe moyo, tengeneza kingine. Baadaye ukiwasha moto kwa mara ya kwanza, fanya jaribio la pili: moto wote, mvuke usitumike popote, na uone kama valvu ya usalama inaweza kuutoa mvuke kwa kasi ile ile unavyozalishwa. Sindano ikizidi baa 3.3, zima, valvu ni ndogo. Kiwandani hatukuwasha bwela bila cheti cha mkaguzi. Wewe huna mkaguzi, basi mwite fundi mwingine asimame pembeni asome geji, asiwe ndugu yako. Ndugu atakuonea huruma.

Moto uwe wa spiriti, taa ya tambi tatu chini ya bwela. Waragi, pombe kali yetu, nayo inawaka, lakini huo ni ufujaji. Angalia tu: mwali wa spiriti juani hauonekani, na watu hujaza taa ambayo hawajui bado inawaka. Maji tumia ya mvua, usitumie ya kisima, chokaa yake itaganda ndani. Mafuta ya silinda yawe mazito, ya mvuke. Viwanda vyenye injini za mvuke huwa nayo, na lita moja itakutosha mpaka uzeeke. Oili ya pikipiki haishiki kwenye mvuke, husafishwa ikaenda. Reli unaweza kuzitengeneza kwa vipande vya chuma bapa vilivyosimamishwa kwenye vijiti vya mbao.

Nilisema nitarudi kwenye sauti. Kwenye gari moshi la kweli, mvuke uliokwisha kazi haumwagwi ovyo. Unapelekwa mbele, unarushwa juu kupitia mdomo mwembamba chini ya dohani, na kila pumzi inavuta hewa nyuma yake kupitia mirija na moto. Injini ikipanda mlima hupumua kwa nguvu, na kwa kupumua kwa nguvu hupuliza moto wake yenyewe, ukatoa mvuke zaidi pale pale unapohitajika. Babu yako hakuwa na feni. Mlima wenyewe ndio uliokuwa ukimsaidia kuwasha. Kwenye lako la spiriti huhitaji uvutano huo, ukizidi hata utavuta mwali nje ya mahali pake, lakini mrija upeleke dohani vile vile, kwa sababu ya masikio. Na ujue kwamba gari dogo likikimbia peke yake halitoi pumzi za kuhesabika, linakoroma tu. Lifungie mabehewa mazito. Jaza mchanga, jaza mawe. Likianza kuteseka litapunguza mwendo, na hapo zile nne zitasikika moja moja.

Nilipoanza nilidhani miezi sita ingetosha. Gari langu la kwanza lilinichukua miaka minne, Jumamosi na Jumapili, na mke wangu alilipa jina ambalo siliandiki hapa. Silinda yako utaimaliza kwa mwezi mmoja au miwili kama hutaikimbilia. Bado una mkono wa mchomeleaji, hiyo ni hatua ambayo mimi sikuwa nayo.

Rangi. Mwambie babu: maruni, ile nyekundu ya damu iliyokaa. Ndiyo rangi ya East African Railways anayoikumbuka. Sehemu ya mbele chini ya dohani iache nyeusi, kwa rangi ya kustahimili joto, ile wanayopaka ekzosi. Bwela ivishe koti la bati juu yake ndipo upake koti. Ukipaka bwela yenyewe itachubuka moto wa kwanza.

Na jina. Mlima au gavana sidhani. Daraja la 31 lilikuwa na majina ya watu wetu. Moja, 3123 Bavuma, liko Nairobi mpaka leo. Lako lipe jina la babu, herufi zisimame juu kidogo ili azipapase kwa vidole. Hicho kibao, mwanangu, kifanye cha shaba ya njano. Hakitaguswa na maji ya moto, na kinang'aa vizuri kuliko zote.